Fedha za Utafiti wa Maradhi: Zatoka Wapi, na Zafanya Kazi Gani?

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi wa mkoa wa Mara wameliona kwa macho, lakini ni wachache walioelezwa maana yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 walionekana watu katika vijiji vya wilaya ya Serengeti, na baadaye katika sehemu nyingine za mkoa, wakienda nyumba kwa nyumba na daftari mkononi. Hawakuuza kitu, wala hawakukusanya kodi. Waliuliza habari za mbwa tu: mbwa yupi aling'ata, alimng'ata nani, siku gani, naye alitoka upande upi. Mtu wa Kemambo, ambaye akivuka mto Mara aingia wilaya hiyo ya Serengeti, akisikia habari hizi huuliza maswali mawili, nayo yote mawili ni ya haki. Watu hawa hulipwa na nani? Na huyo awalipaye atafuta nini kwa mbwa wetu?

Jibu la swali la kwanza ni neno moja, nalo ni ruzuku. Ruzuku ya utafiti si sadaka, wala si mkopo, wala si ujira wa kibarua. Wafugaji wanaijua desturi ya mtu kumwekea mwenzake ng'ombe. Aliyewekewa hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe si wake. Ndama akizaliwa hana budi kupeleka habari, na ng'ombe akifa hana budi kuonyesha ngozi. Ruzuku iko karibu sana na desturi hiyo. Mtafiti hupata mshahara wake humo, na petroli ya gari, na dawa na vyombo vya maabara. Lakini fedha si zake, na kila mwaka huandika hesabu ya alichotumia na alichokiona. Ndama wa ruzuku ni elimu, na elimu hiyo hupigwa chapa ili kila mtu aisome, hata ikiwa jawabu lililopatikana si lile alilolitazamia mtafiti.

Fedha hizo hupatikana kwa mashindano. Tuchukue mfano wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zenye makao yake Bethesda karibu na mji wa Washington. Hakuna chombo cha serikali duniani kitoacho fedha nyingi zaidi kwa utafiti wa maradhi. Kwa mwaka 2024 peke yake zilitengewa zaidi ya dola bilioni 40, nazo ni kodi za raia wa nchi ile. Mtaalamu atakaye sehemu ya fedha hizo huandika swali lake, aeleze kwa nini lina maana, atalitafutia jawabu kwa njia gani, kwa miaka mingapi, na kwa gharama gani. Maandiko yake husomwa na wataalamu wengine wa elimu ile ile, ambao wengi wao ni waalimu wa vyuo. Hao hulipa ombi alama toka 1 mpaka 9, na 1 ndiyo bora kabisa, kinyume cha daftari la shule. Katika maombi 5, kwa kadiri, ni 1 tu lipatalo fedha. Mengine hurudi kwa wenyewe, nao huandika upya au huacha.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Mwaka 1940 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni, na katika sheria hiyo kilitengwa kiasi cha paundi 500,000 kila mwaka kwa utafiti tu. Baada ya vita kazi ya kuchunguza maradhi ilipata makao Mwanza, ng'ambo ya ziwa, ambako wataalamu walishughulika hasa na matende na kichocho. Swali lenyewe siku zile liliamuliwa London, na mwenyeji aliitwa kuchomwa kidole na kurudi nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilijikuta na majengo na kazi bila ya msimamizi. Kwa hiyo mwaka 1979 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na mwaka 1986 sheria ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Tangu hapo mgeni atakaye kufanya utafiti nchini hana budi kupata kibali cha Tume, na utafiti ugusao afya ya watu hupimwa kwanza na kamati ya maadili ya Taasisi.

Sasa turudi kwa mbwa, maana hapo ndipo swali la pili linapojibiwa.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha kuliko yote tuijuayo. Vijidudu vyake huingia kwa jeraha, vikasafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na dalili zikiisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili chanjo humwokoa mtu, na jambo hilo limejulikana tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeng'atwa mwaka 1885. Hata hivyo yakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, wengi wao watoto wa Afrika na Asia. Kwa nini, ikiwa dawa ya kinga imekuwako zaidi ya miaka 100? Wengi walisema ni kazi bure kuchanja mbwa wa vijiji vilivyo kando ya mbuga ya Serengeti, kwa sababu ugonjwa hukaa kwa fisi na mbweha, nao hawachanjiki. Hilo lilikuwa dhana tu; hakuna aliyelipima.

Wataalamu waliokwenda kulipima walitumia ruzuku ya mpango wa pamoja wa mashirika mawili ya serikali ya Marekani, pamoja na fedha nyingine kutoka Uingereza. Sababu mojawapo ya wao kuitazama Serengeti ni kwamba mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa uliwaingia simba wa mbuga ile, na thuluthi yao hivi wakafa. Basi walianza kwa daftari za hospitali, wakaandika majina ya vijiji vya watu waliong'atwa, wakaenda mpaka nyumbani kwao, wakamtafuta mbwa aliyeng'ata, kisha yule aliyemng'ata mbwa huyo, na yule wa kabla yake, kama mtu afuataye nyayo za ng'ombe walioibwa. Kazi hiyo katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro iliendelea toka mwaka 2002 mpaka 2006, na matokeo yake yalipigwa chapa mwaka 2009 na Dakta Katie Hampson na wenzake.

Walichokiona chastahili kutazamwa vema. Mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mmoja na kidogo tu zaidi. Wengine hawang'ati kabisa, na wachache hung'ata wengi. Maana yake ni kwamba moto huu ni mdogo, nao huendelea kuwaka kwa sababu tu hakuna aumwagiaye maji. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kwenda. Msikilizaji mwenye hesabu atauliza mbona 7, ikiwa maambukizo ni madogo hivyo. Ni kwa sababu mbwa wa vijijini hawaishi sana, na watoto wa mbwa huzaliwa mwaka mzima. Waliochanjwa mwezi wa Januari huwa wamepungua mno ifikapo Desemba. Tena ilionekana ya kwamba shina la ugonjwa ni mbwa wa nyumbani. Wanyama wa porini wakiupata, wao ni matawi. Jawabu hilo moja lilibadili shauri zima, maana mbwa wa nyumbani huitwa kwa jina akaja.

Palibaki taabu ya joto. Chanjo nyingi zataka barafu, na vijiji vingi havina umeme. Mwaka 2016 Dakta Felix Lankester na wenzake walionyesha kwamba chanjo mojawapo ya mbwa haiharibiki ikikaa miezi 6 katika joto la sentigredi 25, au miezi 3 katika joto la sentigredi 30. Ndipo watafiti, miongoni mwao Ahmed Lugelo, daktari wa mifugo Mtanzania, wakajaribu vyombo vya kupozea vilivyotengenezwa humu nchini. Kimojawapo ni cha udongo wa mfinyanzi, nacho hufanya kazi kwa kanuni ile ile ya mtungi wa maji: unyevu ukaukapo juu ya udongo huondoka na joto. Bibi zetu walijua kwamba mtungi hupoza. Kilichotakiwa ni kipimajoto, na mtu wa kukisoma kila siku na kuandika. Kisha, kwa ruzuku ya zile taasisi za Bethesda, kata za mkoa wa Mara zikagawanywa kwa kura. Katika nyingine kikosi cha wilaya kilikuja kuchanja mara moja kwa mwaka kama ilivyo desturi. Katika nyingine chanjo iliwekwa karibu na wananchi, mbwa wachanjwe mwaka mzima. Kura hiyo haikuwa mchezo. Kata zingechaguliwa kwa kupendelewa, tofauti ambayo ingeonekana baadaye ingeweza kuwa ya barabara nzuri au ya mwenyekiti hodari, si ya njia ya kuchanja.

Katika ruzuku nyingi za namna hii mna sehemu ya kufundisha watu, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu ya kutazamwa kwanza. Kijana hulipiwa karo ya chuo, hupewa msimamizi, na hufanya utafiti wake ndani ya kazi ile kubwa mpaka apate shahada. Toka mwaka 2010 serikali ya Marekani ilitoa dola milioni 130 kwa miaka 5 ili kuimarisha shule za uganga za Afrika, na chuo cha KCMC cha Moshi kilikuwa miongoni mwa vilivyopata. Mtu aliyefundishwa hivyo aweza kesho kuandika ombi lake mwenyewe, mwenye swali lililotoka Tarime badala ya Bethesda.

Lakini ruzuku ina mwisho. Nyingi ni za miaka 3 mpaka 5, na siku ya mwisho ikifika gari huondoka. Tena mwenye ng'ombe aweza kubadili nia yake. Mwezi wa Mei mwaka 2025 taasisi za Bethesda zilitangaza kwamba hazitatoa ruzuku mpya zenye fungu lipelekwalo kwa vyuo vya nchi za nje, mpaka utaratibu mwingine utengenezwe, na kazi nyingi za Afrika zilitiwa mashakani. Serikali za Afrika ziliazimia huko Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge 1 katika kila 100 ya pato lake kwa utafiti, na nyingi hazijafikia kiasi hicho. Mbwa aliyezaliwa baada ya gari kuondoka hana chanjo, na mtoto aliyeng'atwa naye hawezi kungoja ombi lisomwe. Huyo aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo kama mkwaruzo.

Nanyi mkijiwa na mtafiti, mwulizeni bila haya. Aonyeshe kibali cha Tume, na ikiwa ataka damu au habari za afya yenu, aonyeshe pia cheti cha kamati ya maadili. Awaambie ni nani aliyetoa fedha, zitakwisha lini, na majibu yatasomwa wapi kijijini. Mtu ana ruhusa ya kukataa, au kukubali leo na kujitoa kesho, wala asinyimwe matibabu kwa sababu hiyo.