Neno "Eti" na Habari za Kupokezana

Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni mji wa mpakani. Habari huvuka kwenda na kurudi Nakonde, Zambia, pamoja na biashara. Katika mazungumzo, habari isiyo na hakika hutangulizwa na "eti" au "inasemekana": msimulizi hujivua dhamana, na msikilizaji hutahadhari. Lakini mzee asambazapo ujumbe wa simu, hausimulii upya. Aupitisha kama ulivyo, bila "eti", na heshima yake hugeuka kuwa ushahidi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, humwadhibu atangazaye uwongo akiujua, kwa nia ya kupotosha umma. Mzee hana nia hiyo. Hata hivyo tiba ya uwongo yaweza kumchelewesha mgonjwa kwenda hospitali.

Kijana hawezi kumwambia babu yake, "Huu ni uwongo", pasipo kumvunjia heshima. Yafaa aamkie kwanza, kisha aulize: "Babu, habari hii umeipokea kwa nani?" Swali hilo halikanushi neno; lampa mzee nafasi ya kuirudisha "eti" mahali pake.