Usomaji Usiotulia wa Mizani za Kielektroniki katika Kupima Poda Kidogo: Ufafanuzi kwa Maabara za Bonde la Kilombero

Ikisiri

Makala haya yanafafanua sababu zinazoifanya mizani ya kielektroniki itoe namba tofauti kwa kitu kilekile, na yanaonesha utaratibu wa kuitafuta sababu hiyo kabla ya kuihukumu mizani kuwa ni mbovu. Mfano unaotumika ni upimaji wa poda ya kiuadudu kwa ajili ya majaribio ya usugu wa mbu. Hoja kuu ni kwamba kila aina ya kutotulia ina sura yake, na kwamba jiwe moja la mizani, likitumiwa kwa mpangilio, hutosha kutenganisha kosa la sampuli, kosa la mazingira na kosa la mizani yenyewe.

1.0 Utangulizi

Ifakara imekuwa kituo cha utafiti wa malaria tangu miaka ya 1950, pale watafiti kutoka Uswisi walipoanzisha maabara ya nyanjani ambayo baadaye ilikua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Katika vijiji vya bonde hili mbu aina ya Anopheles funestus ni mwenezaji mkubwa wa malaria, na usugu wake dhidi ya viuadudu vya kundi la pairethroidi umethibitishwa. Usugu huo hupimwa, miongoni mwa njia nyingine, kwa kupaka kiuadudu ndani ya chupa, kuwaingiza mbu na kuhesabu waliokufa baada ya muda uliowekwa.

Kwa njia ya chupa, kipimo cha pamethrini ni mikrogramu 21.5 kwa kila chupa, na muda wa uamuzi ni dakika 30. Kwa mujibu wa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, vifo vya asilimia 98 au zaidi humaanisha kuwa mbu bado wanadhurika na dawa, na vifo vilivyo chini ya asilimia 90 huthibitisha usugu. Nafasi iliyopo kati ya hukumu hizo mbili ni ndogo. Dawa ikizidi kwa sababu mizani ilisoma pungufu, mbu sugu watakufa na usugu utafichika. Ikipungua, mbu wa kawaida watapona na wataitwa sugu. Uamuzi wa kubadili aina ya chandarua au dawa ya kupulizia kutani unaweza kujengwa juu ya kosa lililotokea kwenye meza ya mizani.

2.0 Mizani ya kielektroniki hupima nini

Mizani ya mikono miwili hulinganisha kitu na jiwe, hivyo nguvu ya uvutano huathiri pande zote kwa usawa. Mizani ya kielektroniki haina upande wa pili. Katika mizani za bei nafuu, sahani hulemea kipande cha chuma kilichobandikwa nyaya nyembamba ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri chuma kinavyopinda. Katika mizani za uchambuzi, sumaku-umeme huisukuma sahani irudi mahali pake, na mkondo uliotumika kufanya hivyo ndio unaogeuzwa kuwa gramu. Kwa njia zote mbili kinachopimwa ni nguvu, masi hukokotolewa.

Kutokana na hilo, mahali penyewe ni sehemu ya kipimo. Mchapuko wa uvutano ni takriban 9.81 katika mji wa Zürich na takriban 9.78 mita kwa sekunde mraba katika Ifakara. Mizani iliyofanyiwa ugezi Zürich na kufunguliwa Ifakara bila ugezi mpya ingelisoma jiwe la gramu 100 kuwa takriban gramu 99.73. Hata safari ya kutoka Dar es Salaam, iliyo usawa wa bahari, hadi Ifakara, iliyo mita 250 hivi juu yake, hupunguza takriban miligramu 10 katika gramu 200, kwa hesabu ya latitudo na mwinuko pekee. Kosa la aina hii ni tulivu: namba hujirudia vilevile kila mara, lakini si sahihi. Huondolewa kwa ugezi unaofanyika pale pale mizani inapotumika, kwa jiwe lenye cheti.

3.0 Sura za kutotulia

3.1 Namba inayopanda polepole. Poda au chombo kinafyonza unyevu. Hali hii ni ya kawaida wakati wa masika, hewa ya bonde inapokuwa nzito. Huonekana zaidi chupa ya kiuadudu inapotolewa kwenye jokofu na kufunguliwa papo hapo, kwani umande hutanda juu ya kilicho baridi. Chupa iachwe ikiwa imefungwa hadi ifikie joto la chumba. Chombo kilichotoka kwenye tanuri nacho huonesha namba inayopanda, kwa sababu tofauti: hewa moto inayopaa hukipunguzia uzito, na uzito hurudi kadiri kinavyopoa.

3.2 Namba inayoshuka polepole. Kuna kinachovukiza. Asetoni iliyobaki kwenye kisahani kilichooshwa upesi ni mfano wa kawaida.

3.3 Namba inayorukaruka. Sababu ni upepo wa feni au kiyoyozi, mtikisiko wa meza, au malori ya mpunga yanayopita karibu na jengo. Umeme tuli pia huingia hapa. Hutokea kisahani cha plastiki kinaposuguliwa ndani ya chumba kilichokaushwa na kiyoyozi, na dalili yake ni namba kubadilika mkono unapokaribia. Kisahani cha chuma au cha karatasi maalumu ya kupimia hupunguza tatizo hilo.

3.4 Namba isiyorudi sifuri. Poda iliyomwagika chini ya sahani, au sisimizi walioifuata joto la mizani, hugusa sehemu inayopaswa kuelea. Sababu nyingine ni mizani kutopata muda wa kupasha. Mizani ya uchambuzi huhitaji saa moja au zaidi baada ya kuwashwa. Umeme ukikatika na kurudi, muda huo huanza kuhesabiwa upya.

3.5 Namba inayogoma kusonga. Sura hii ndiyo inayowadanganya wengi. Mizani nyingi zina programu inayofuatilia sifuri: badiliko dogo na la polepole karibu na sifuri huhesabiwa kuwa ni kuyumba kwa mizani, kisha hufutwa. Mpimaji akibonyeza kitufe cha sifuri kisahani kikiwa juu, halafu akadondosha poda chembe kwa chembe, sehemu ya poda humezwa bila kuonekana. Kisahani hubeba dawa nyingi kuliko namba iliyoandikwa. Tiba ni kuizima programu hiyo, au kukiondoa kisahani, kuongeza poda nje ya mizani na kukirudisha.

4.0 Utaratibu wa uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kuondoa poda na kuweka jiwe la chuma lenye uzito unaokaribiana na wa chombo na poda kwa pamoja. Jiwe halifyonzi maji, halivukizi wala halibebi umeme tuli kwa urahisi. Likisomeka kwa utulivu, kosa liko kwenye sampuli au chombo, na mizani iachwe ilivyo. Lisipotulia, hatua ya pili ni kuzima feni na kiyoyozi, kufunga milango ya kisanduku cha kioo na kupima tena. Namba ikitulia, mazingira yamepatikana na kosa. Ikiendelea kuyumba, mizani ihamishiwe kwenye meza ya zege isiyogusana na ukuta wa barabarani, isawazishwe kwa pimamaji yake, ipashwe na kupimwa tena. Ni baada ya hapo tu ndipo fundi anapoitwa.

Hatua ya mwisho, ambayo haifai kurukwa hata mizani inapoonekana nzima, ni kupima jiwe hilohilo mara kumi na kukokotoa mchepuko sanifu, kisha kulipima katikati na kwenye pembe za sahani. Matokeo yaandikwe kwenye daftari la mizani pamoja na tarehe, joto la chumba na jina la mpimaji. Muhuri wa Wakala wa Vipimo kwenye mizani ya biashara hulinda haki ya muuzaji na mnunuzi. Hauchukui nafasi ya jaribio hili, ambalo linahusu miligramu.

5.0 Kiasi cha chini kinachofaa kupimwa

Mchepuko sanifu uliopatikana una kazi moja zaidi. Famakopia ya Marekani hutaka kiasi kidogo kabisa kinachopimwa kisipungue mara 2,000 ya mchepuko huo. Mizani yenye mchepuko wa miligramu 0.1 haifai, kwa kigezo hicho, kupima chini ya miligramu 200.

Ili kupata mikrogramu 21.5 za pamethrini katika kila mililita, mtu anaweza kushawishika kupima miligramu 2.15 na kuziyeyusha katika mililita 100 za asetoni. Kwa mizani hiyo, kuyumba kwa miligramu 0.2 peke yake ni karibu asilimia 10 ya dawa. Njia salama ni kupima miligramu 215, baada ya kurekebisha kwa usafi wa kemikali ulioandikwa kwenye chupa, kuziyeyusha katika mililita 100, kisha kuchukua mililita moja ya myeyusho huo na kuijaza hadi mililita 100. Kuyumba kulekule sasa ni chini ya asilimia 0.1. Mizani ni ileile. Kilichobadilika ni swali inaloulizwa.

6.0 Hitimisho

Mizani isiyotulia huonya, na mpimaji makini husimama. Hatari kubwa zaidi imo katika namba tulivu zisizo sahihi: ugezi uliofanyika mji mwingine, poda iliyomezwa na programu, kiasi kidogo kuliko uwezo wa mizani. Maabara inayochapisha viwango vya usugu inapaswa kueleza, pamoja na idadi ya mbu na muda wa jaribio, mchepuko wa mizani yake na tarehe ya ugezi wa mwisho. Bila taarifa hizo, msomaji hawezi kujua kama mbu wa Kilombero wamebadilika au ni myeyusho uliobadilika.