Hukumu ya Ulezi wa Mtoto Inapovunjwa: Sheria Inasemaje, na Imamu Afanye Nini?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Nkome ni kata iliyo kando ya Ziwa Victoria katika wilaya ya Geita. Upande mmoja kuna ziwa na wavuvi wake, na ndani ya wilaya hiyo kuna machimbo ya dhahabu kama yale ya Nyarugusu na Rwamgasa. Watu wa maeneo haya huhama sana. Mvuvi hufuata samaki, na mchimbaji akisikia dhahabu imeonekana mahali, hufunga mzigo akaenda. Ndoa inapovunjika katika mazingira haya, mtoto naye huingizwa katika safari hizo. Tuchukue mfano: mahakama imempa mama ulezi wa mtoto wa miaka 4 na kumpa baba siku za kumuona. Siku moja baba anamchukua kwa matembezi, kisha anapita naye moja kwa moja hadi machimboni na simu inazimwa. Au kinyume chake, baba anafika kila Jumamosi, na kila mara anaambiwa mtoto hayupo. Aliyedhulumiwa hukimbilia msikitini. Imamu amwambie nini?

KISA CHA UMAR (R.A.) NA MWANAWE

Jambo hili si geni katika Uislamu. Imam Malik amepokea katika Muwatta' kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) aliachana na mke wake wa Kiansari aliyemzalia Asim. Siku moja alifika Quba, akamkuta mwanawe anacheza katika uwanja wa msikiti. Akamshika mkono na kumpandisha mbele yake juu ya mnyama wake. Bibi wa mtoto akamkimbilia wakavutana, kila mmoja akidai kuwa mtoto ni wake. Shauri likafika kwa Khalifa Abu Bakr as-Siddiq (r.a.), naye akamwamuru Umar aache kuwaingilia. Riwaya inaeleza kuwa Umar hakurudisha neno.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, bibi hakwenda na ndugu zake kumpora mtoto. Shauri lilipelekwa kwa mwenye mamlaka. Pili, mwenye mamlaka hakutazama cheo cha Umar. Tatu, Umar, pamoja na ukali wake uliojulikana, alitii papo hapo. Baba wa leo anayesema "mtoto ni damu yangu, hakuna wa kunipangia" ajiulize kama damu yake ina haki zaidi kuliko ya Umar.

ULEZI NI AMANA YENYE MIPAKA

Asili ya hadhana ni hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.), ambamo Mtume (S.A.W.) alimhukumia mama kuwa ana haki zaidi ya mtoto wake maadamu hajaolewa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, mama hulea mpaka mtoto awe mumayyiz, kwa kawaida akiwa na miaka 7. Kisha mtoto hupewa hiari, kwani imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimpa kijana hiari baina ya baba na mama yake. Madhehebu mengine yana mipaka tofauti. Malik huacha mtoto wa kiume kwa mama mpaka baleghe, na wa kike mpaka aolewe.

Katika hali zote, aliyepewa ulezi hakupewa mtoto peke yake. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa mtoto wa kiume akimchagua mama, hulala kwake usiku, na mchana huwa na baba ili amfundishe adabu na elimu. Akimchagua baba, hazuiwi kumzuru mama yake, na akiugua mama ndiye aliye bora kumuuguza. Allah (S.W.) amekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na baba pia kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake (2:233). Katazo ni la pande mbili.

VISINGIZIO VITATU

Wanaovunja hukumu ya ulezi mara nyingi hujitetea kwa dini, na utetezi wao huwa na kasoro.

Cha kwanza: "Mama ameolewa, basi haki yake imekwisha." Ni kweli kuwa kuolewa kwa mama na mtu wa kando huondoa haki yake, lakini katika madhehebu ya Shafi haki hiyo haimrukii baba moja kwa moja. Humfikia kwanza mama wa mama. Aidha, Mtume (S.A.W.) alimpa binti wa Hamza (r.a.) kwa khalati yake ambaye alikuwa mke wa Ja'far (r.a.), kama alivyopokea Bukhari. Kwa hiyo kuolewa ni hoja ya kupelekwa kwa hakimu, si ruhusa ya kuchukua mtoto njiani.

Cha pili: "Nimehamia machimboni, na mtoto humfuata baba." Hapa mafaqihi wamepambanua safari mbili. Safari ya haja, kama biashara au kutafuta riziki, haimwondoi mtoto. Hubaki na mzazi mkaazi mpaka mwingine arejee. Safari ya kuhama moja kwa moja ndiyo inayompa baba kipaumbele, nayo kwa sharti kuwa njia na mji anaokwenda viwe na amani. Anayekwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu akitaraji kurudi Nkome amesafiri safari ya haja. Na hata aliyehama kweli, je, kambi yenye mashimo marefu na zebaki ya kuoshea dhahabu ina amani kwa mtoto wa miaka 4?

Cha tatu ni cha akina mama: "Hatoi matumizi, basi hamuoni mtoto." Nafaqa ni haki ya mtoto, na baba asiyeitoa anapata dhambi. Lakini Hind bint Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) ubahili wa mumewe, aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na watoto kwa wema. Dawa ya nafaqa iliwekwa katika mali. Hakuambiwa amfiche mtoto. Vivyo hivyo, baba aliyezuiliwa kumuona mtoto hana ruhusa ya kukata matumizi.

NANI MWENYE KUTEKELEZA?

Hapa ndipo wengi hukosea. Fatwa ya sheikh ni ubainifu wa hukumu ya dini. Suluhu ni makubaliano ya wawili. Hukumu ya mahakama ndiyo yenye nguvu ya kulazimisha. Zanzibar, mahakama za kadhi ni sehemu ya mahakama za nchi. Tanzania Bara hali si hiyo. Makadhi wa BAKWATA na mabaraza ya usuluhishi husuluhisha na kushauri, lakini hawana askari wala dalali wa mahakama. Karatasi iliyoandikwa msikitini ni ushahidi mzuri wa makubaliano, lakini haikaziwi kama hukumu. Imamu mwenye hekima akisuluhisha ulezi awashauri wazazi waipeleke suluhu hiyo mahakamani ili iwe amri.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inatanguliza maslahi ya mtoto, na inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 hukaa na mama isipokuwa ithibitike vinginevyo. Msomaji ataona jinsi umri huo unavyokaribiana na ule wa mumayyiz. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwondoa mtoto kwa mwenye ulezi wake wa halali. Kanuni ya Adhabu nayo inahesabu kukaidi amri halali kuwa kosa.

HATUA ZA KUFUATA

1. Asilipize. Fiqhi ya Shafi inamruhusu mtu kuichukua mali yake mwenyewe pale tu pasipohofiwa fitna; ikihofiwa, lazima aende kwa kadhi. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mali, itakuwaje kwa mtoto anayevutwa mikono huku na huku?

2. Ahifadhi ushahidi: nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama, tarehe ambazo mtoto hakurudishwa au baba alizuiwa, ujumbe wa simu, na majina ya mashahidi.

3. Ajaribu suluhu ya muda mfupi kupitia wazee wa pande mbili, imamu na afisa ustawi wa jamii. Siku chache zatosha. Suluhu isiwe njia ya kumpa mvunjaji nafasi ya kuhama tena.

4. Arudi katika mahakama iliyotoa amri na kuomba ikaziwe. Mahakama inaweza kumwita mkaidi ajieleze, kuamuru mtoto arejeshwe, na kumwadhibu anayeidharau.

5. Mtoto akiwa hatarini, asisubiri. Aende polisi, katika Dawati la Jinsia na Watoto, akiwa na nakala ya amri.

6. Ikiwa hali imebadilika kweli, kwa mfano mlezi anaugua au mtoto anateswa, mzazi mwingine aombe amri ibadilishwe. Mpaka ibadilishwe, ataitii.

NENO KWA MAIMAMU

Mvunjaji wa hukumu mara nyingi huswali nasi. Huenda ni rafiki yetu, au ndiye mchangiaji mkubwa wa msikiti. Tukimficha au tukimnyamazia, tumesaidiana naye katika dhulma, na Allah (S.W.) ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui (5:2). Tirmidhi amepokea onyo la Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kutenganisha mama na mwanawe, Allah atamtenganisha na awapendao Siku ya Kiyama. Onyo hilo lilitolewa katika habari ya mateka wa vita. Ikiwa mtoto wa mateka alihurumiwa kiasi hicho, mtoto wa Muislamu huru wa Nkome anastahiki zaidi.

Tuwaambie wazazi kuwa talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi. Na aliyeshika mtoto kinyume cha hukumu amrudishe leo, kama Umar (r.a.) alivyomwachia Asim.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.