Usukani Mzito Katika Matatu ya Zamani: Pa Kuanzia Kabla ya Kununua Pampu

Asubuhi ya siku ya soko, steji ya Funyula hujaa mapema. Matatu za kwenda mjini Busia na zile za Sio Port husimama ubavu kwa ubavu, na kila inayojaza abiria wake 14 hulazimika kugeuka katika nafasi finyu iliyozungukwa na boda boda na mikokoteni. Hapo ndipo usukani mzito hujionyesha. Dereva huushika kwa mikono miwili, huinuka kidogo kitini, na kona ambayo gari lingeimaliza mara moja huchukua kwenda mbele na kurudi nyuma mara tatu.

Madereva wengi huzoea hali hiyo. Husema gari limezeeka, na kwamba mikono itazoea. Lakini usukani wenye msaada wa pampu haukutengenezwa uwe mzito hata baada ya miaka ishirini, na uzito huo una gharama barabarani. Boda boda ikiingia ghafla kutoka kichochoroni, dereva ana muda mfupi mno wa kukata usukani na kuurudisha. Aliyezoea kushindana nao huchelewa, au huuvuta kwa nguvu kupita kiasi na gari likayumba. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari alihifadhi katika hali isiyohatarisha watu, na usukani ni miongoni mwa sehemu zinazoangaliwa gari la abiria linapopelekwa kukaguliwa na NTSA.

Gharama nyingine ni ya mfukoni. Mara nyingi, usukani ukiwa mzito, jibu la kwanza katika gereji huwa ni pampu. Mwenye gari hununua pampu ya mtumba iliyotoka Japani, inafungwa, na baada ya siku mbili dereva anarudi na malalamiko yale yale. Pampu haikuwa na kosa.

Katika matatu nyingi za zamani, zikiwemo Toyota HiAce na Nissan Caravan, msaada wa usukani hutokana na oili. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, nayo pampu husukuma oili kupitia paipu ya shinikizo hadi kwenye reki au boksi ya usukani. Humo mna vali inayohisi dereva anakata upande gani na kuipeleka oili upande huo isaidie kusukuma magurudumu. Oili hurudi kwenye kikopo chake kupitia paipu ya pili, na safari huanza upya. Kila kiungo katika mnyororo huo kinaweza kuleta uzito, na vivyo hivyo vitu ambavyo havina uhusiano wowote na oili.

Kimoja kati ya hivyo ni tairi. Matatu za aina hii hubeba injini chini ya viti vya mbele, na dereva pamoja na abiria wa mbele huketi juu ya magurudumu. Kwa hiyo hata gari likiwa tupu, mbele tayari kuna uzito mwingi. Tairi ya mbele ikipungua upepo hulala chini na kukwaruza lami badala ya kugeuka. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva, si kichwani mwa anayejaza upepo. Gari lililowekewa tairi pana kuliko za kiwandani, kwa ajili ya sura tu, litakuwa zito hata pampu ikiwa mpya kabisa. Na aliyepakia magunia ya omena kutoka Sio Port juu ya abiria waliojaa asiulaumu usukani kabla ya kupunguza mzigo.

Tairi zikiwa sawa, hatua inayofuata ni kufungua boneti au kuinua kiti, kulingana na gari, na kutazama kikopo cha oili. Hapa pana mengi ya kusoma. Kikopo kina alama mbili, moja ya injini baridi na nyingine ya injini iliyopata moto. Oili ikiwa chini ya alama, kuna mahali inatoka, kwani oili hii haiungui kama ya injini. Kuongeza kila wiki bila kutafuta inapovuja ni kuahirisha tu. Ikiwa ina povu au imegeuka rangi ya maziwa, imeingia hewa, na pampu hutoa sauti ya kukoroma kila usukani unapokatwa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka, na huenda kichujio kidogo kilicho chini ya kikopo katika baadhi ya magari kimezibwa na uchafu. Kichujio hicho husahaulika sana. Kikizibwa, pampu hufanya kazi kwa njaa, na kukisafisha ni kazi ya nusu saa.

Aina ya oili nayo si ya kubahatisha. Magari mengi ya zamani ya Toyota hutumia ATF, ile oili nyekundu ya giaboksi ya otomatiki, lakini mengine yana oili yake maalumu, na jina lake huandikwa kwenye kifuniko au kwenye kitabu cha gari. Mafuta ya breki hayafai kamwe. Hufanya sili za mpira zivimbe na kulainika, na reki iliyokuwa nzima huanza kuvuja.

Kisha mkanda. Injini ikiwa imezimwa, mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili unapaswa kubonyea takriban sentimita moja, si zaidi sana. Ukiwa umelegea au uso wake unang'aa kama kioo, huteleza, na dereva husikia mlio mkali anapokata kona yote gari likiwa limesimama. Kuna jaribio jepesi: usukani ukiwa mzito gari limesimama, lakini ukawa mwepesi mara tu dereva anapokanyaga mafuta kidogo, basi shida iko upande wa mkanda, pampu iliyochoka, au injini inayozunguka polepole mno bila mwendo. Hiyo ya mwisho hurekebishwa bila kununua kitu chochote.

Usukani ulio mzito upande mmoja na mwepesi upande wa pili husimulia habari nyingine. Pampu haijui kushoto wala kulia. Tofauti hiyo hutoka kwenye vali au sili za ndani ya reki, au kwenye mpangilio wa magurudumu. Na ule ulio mzito dakika chache za alfajiri kisha ukalainika gari likipata moto mara nyingi huonyesha sili za reki zilizolika, ambazo hupitisha oili pembeni hadi zipate joto.

Ugonjwa unaodanganya mafundi wengi zaidi ni wa yujointi, kile kiungo cha msalaba kinachounganisha mti wa usukani na reki. Kiko chini, karibu na barabara, na katika njia za vumbi zinazoingia vijijini, ambazo msimu wa mvua hugeuka matope, hupata maji na kutu. Kikianza kukwama, usukani huwa mzito, mwepesi, mzito, mwepesi katika mzunguko mmoja, na baada ya kona haurudi katikati wenyewe. Dereva anayeeleza hali hiyo kwa usahihi amempunguzia fundi nusu ya kazi. Anayesema tu kwamba "usukani ni mzito" atauziwa pampu.

Fundi anaweza kuthibitisha bila kukisia. Magurudumu ya nyuma yakingwe kwa mawe, ya mbele yainuliwe kwa jeki, na gari liketishwe juu ya stendi za chuma, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini ya gari. Injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Utakuwa na ukinzani kiasi, lakini uwe sawasawa. Ukikwama mahali fulani magurudumu yakiwa hewani, tatizo ni la vyuma, wala oili haihusiki. Tairod zikifunguliwa, kila gurudumu hugeuzwa kwa mkono kivyake: lililo gumu lina boljointi iliyokauka. Magurudumu yakiwa mepesi na usukani bado mgumu, basi ni reki au mti wa usukani.

Tahadhari moja kuhusu kuvuja: paipu ya shinikizo hubeba nguvu inayoweza kupita mara ishirini ile ya tairi. Kwa hiyo tundu dogo lisitafutwe kwa kidole injini ikiwaka. Kipande cha boksi kinatosha. Paipu ya kurudisha oili, yenye shinikizo dogo, nayo ikaguliwe, kwani mpira wa zamani huweza kulegea kwa ndani na kuziba ilhali nje unaonekana mzima.

Kuna tabia mbili zinazochosha usukani haraka. Ya kwanza ni kuushikilia ukiwa umekatwa hadi mwisho. Pampu hupandisha shinikizo lote na oili huchemka. Sekunde chache zatosha, kisha urudishwe kidogo. Madereva wanaojipenyeza kati ya malori kwenye foleni za Busia na Malaba hufanya hivi mara nyingi bila kufikiri. Ya pili ni ya hatari zaidi: kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Injini ikizima, pampu husimama, na msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache. Ufunguo ukirudishwa hadi mwisho, usukani waweza kujifunga kabisa, gari likiwa bado linashuka na abiria ndani.

Baada ya matengenezo, hewa hutolewa kwa kuzungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, magurudumu yakiwa hewani na injini imezimwa, huku kikopo kikiongezwa oili hadi mapovu yaishe. Ndipo injini iwashwe na oili ipimwe tena, na mara nyingine kesho yake asubuhi. Oili chafu iliyotolewa iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko. Ikimwagwa mtaroni, mvua huibeba hadi Mto Sio, na kutoka hapo ni ziwani, kwenye maji yanayotoa samaki wa kupakiwa katika matatu hizo hizo.