Jina refu, kisanduku kifupi

Leo tuongelee kitu kidogo chenye kutesa watu: kisanduku cha kuandikia jina kwenye mashini.

Mwisho wa mwaka 2022 vita ilifukuza watu wa Kibumba, wengi wakasimama Kanyaruchinya, karibu na Goma. Kwenye wakimbizi kuna listi, na kwenye listi kuna mutu wa kuandika. Mimi nilishaandika listi kama hizo, kwa programu ya zamani: ekrani nyeusi, safu 80 kwa mistari 24, klavie tu. Kisanduku cha jina kilikuwa cha herufi 20.

Sasa, kwetu mutu ana jina, postnomu na prenomu. Tuseme dada wawili: Nyiransabimana Maombi Jeanne, herufi 28 pamoja na nafasi, na Nyiransabimana Maombi Josephine, 31. Programu inakata pa 20. Wote wawili wanabaki "Nyiransabimana Maomb". Siku ya kugawa unga wanaambiwa: huyu alijiandikisha mara mbili. Mmoja anarudi na mfuko mutupu.

Wengine watasema, weka 60 tu. Halafu kijiji, umri na hesabu ya watoto utaviweka fasi gani kwenye mustari wa safu 80?

Dawa ni kutenganisha upana unaoonekana na urefu unaohifadhiwa. Kwa wanaotumia ncurses, ile maktaba yake ya fomu inaweza: unaumba kisanduku cha safu 20 kwa new_field, kisha unazima O_STATIC. Macho yanaona herufi 20, lakini ukiendelea kuandika, mwanzo unasogea kushoto na kujificha, haupotei. Mwisho unauweka kwa set_max_field, tuseme 60. Ukiweka 0, hakuna mwisho, na hiyo siishauri: mutoto akilalia klavie utaona.

Mbele ya kusoma kisanduku, tuma REQ_VALIDATION, la sivyo unaweza kukosa herufi za mwisho. Na utoe nafasi tupu zinazojazwa nyuma ya jina.

Lakini pale tunaanguka wengi ni kwenye faili. Kisanduku kimekua, faili bado inahifadhi 20, na karatasi inaprinti 20. Ekrani inakudanganya vizuri kabisa. Kwa hiyo andika jina refu kuliko yote unayojua kijijini, funga programu, ifungue tena, printi, uhesabu herufi kwa kidole.