Namba 5 na biashara ya gemu za ndege Newala

Steshenari moja jirani na stendi ya Newala, mkoani Mtwara, ina kompyuta tatu. Ya kwanza ni ya kuchapa barua na mihtasari ya vikao. Ya pili ni ya kurusha nyimbo na filamu kwenye flashi na memori kadi. Ya tatu imesogezwa pembeni, na ukitaka kujua kazi yake huna haja ya kuuliza, tazama tu kibodi. Herufi karibu zote zinasomeka kama siku iliponunuliwa. Zilizofutika ni Ctrl ya kushoto, mshale wa kulia, mshale wa kushoto na namba 5.

Ctrl ndiyo risasi, mishale ndiyo usukani wa ndege, na namba 5 ndiyo sarafu. Kompyuta ile imewekewa programu iitwayo MAME, ambayo Mwitalia Nicola Salmoria aliitoa kwa mara ya kwanza Februari 1997. Inaiga mashine za gemu za miaka ya 1970 na 1980, zile zilizosimama kama kabati na kula sarafu, na inaziiga mpaka kile kitundu cha kutumbukizia pesa. Ukibonyeza 5, mashine inaamini umelipa. Mtoto mmoja niliyemkuta pale, sare ya shule ikiwa bado mwilini, alipoishiwa ndege zake tatu aliibonyeza mara saba mfululizo akaendelea na vita. Kwa zile mara saba mwenye duka hakupata hata senti.

Gemu hizi zilitengenezwa ili zile hela. Space Invaders ya kampuni ya Taito, iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado na kutoka Japani mwaka 1978, ilimuuzia mchezaji maisha matatu, na kadiri alivyokufa upesi ndivyo sarafu nyingine ilivyoingia upesi. Wavamizi wakipungua, waliobaki wanaongeza mbio. Nishikado hakupanga hivyo tangu mwanzo. Kichakato cha mashine kilikuwa dhaifu, na walipobaki wachache wa kuchora kilipata nafasi ya kukimbia. Aliona inanoga akaiacha. Namco ikafuata na Galaxian mwaka 1979 na Galaga mwaka 1981, kisha Capcom ikaleta 1942 mwaka 1984. Zote zina hesabu ileile ya kumtoa mchezaji mchezoni baada ya dakika chache. Zimepanda hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, zikiwa na ugumu wao wote, ila zimeachwa bila meno ya kulia sarafu.

Kwa hiyo anachouza mwenye steshenari ni muda. Kwake ni shilingi 200 kwa dakika kumi na 500 kwa nusu saa, na saa ya ukutani ndiyo mita. Alishawahi kujaribu ujanja. MAME inaruhusu kubadili vitufe, akaiondoa sarafu kwenye namba 5 na kuihamishia kitufe alichokijua yeye peke yake, ili auze maisha kama walivyouza Wajapani. Siri ilidumu siku mbili. Watoto waligundua kwamba Tab inafungua orodha ya vitufe vyote, akarudi kwenye saa ya ukutani.

Tuifanye hesabu yake, maana kwenye kurasa hizi ndiyo tunayoijali. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake inakula kama wati 120, yaani karibu uniti moja kwa saa nane. Kwa bei ya T1, kundi la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, na zikijumlishwa inafika kama 356. Kiti kikijaa saa nne tu katika hizo nane, kwa bei ya dakika kumi, mauzo ni shilingi 4,800. Tukizidisha kwa siku 300 za kazi tunapata shilingi 1,440,000 kwa mwaka. Kwa duka linalotoa kopi kwa shilingi mia, hizo si hela za kudharau, hasa kwa mashine ambayo isingefanya kazi nyingine. Lakini pia haziwezi kulipa pango la fremu na mshahara wa kijana wa kukaa nayo. Ndiyo maana gemu hizi huzikuti zikiwa na fremu yake pekee. Zimejibanza kwenye biashara nyingine, kama karanga kwenye duka la vocha.

Uzuri wake uko kwenye mtaji. Space Invaders nzima ilikaa kwenye kilobaiti 8. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwa simu inaizidi mara nyingi sana. Kompyuta iliyoshindwa na programu mpya za ofisi inaendesha gemu za enzi hizo bila kuhema, na kompyuta za namna hiyo ndizo zinazojaa Kariakoo, mtumba wa Dubai na Ulaya. Sheria za forodha nazo zina upendeleo wake. Kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, kompyuta imewekwa kwenye kiwango cha sifuri, wakati mashine ya gemu imepangwa fungu moja na karata na meza za biliadi. Kifaa ni kilekile cha kuchezea, ila kimoja kinapita bandarini kwa jina la kazi na kingine kwa jina la anasa.

Wazee wa gemu, na kwa wazee nina maana ya watu wa miaka 35 kwenda juu, hawakuanza na kompyuta. Walianza na TV gemu, vile vimashine vya Kichina vilivyonakili Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, vyenye kanda za kuchomeka zilizoandikwa idadi ya gemu ambayo hakuna aliyewahi kuimaliza kuihesabu. Humo ndimo kizazi kizima kilimojifunza Contra, iliyoanzia kwenye mashine za sarafu za Konami mwaka 1987. Vilikuja pia na bunduki ya plastiki ya kupigia bata.

Bunduki ile inastahili aya yake. Wengi waliamini inarusha kitu kwenda kwenye TV. Kumbe ilikuwa na jicho tu. Ukivuta kifyatuo, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea kisanduku cheupe, na jicho la bunduki linatazama kama limeona mwanga. Kipimo hicho kinategemea TV ya chogo, inayochora picha mstari kwa mstari papo hapo. TV bapa inachelewa kidogo, na kuchelewa huko kunatosha bunduki isione kitu. TV za chogo zilipoondoka sebuleni, bunduki zikageuka takataka, na vimashine vingi vikafuata. Waliobaki na hamu ya kupiga bata au ndege wamehamia kwenye kompyuta, na baadhi yao ndio wanaokuja steshenari jioni na kujifanya wanasubiri kopi.

Mshindani mkubwa wa gemu hizi za ndege ni mpira. Kibanda chenye pleisteshini na TV mbili kinajaza vijana kwa sababu mechi ni ya watu wawili, kuna ubishi, kuna Simba na Yanga za kuigiza. Gemu ya ndege ni ya mtu mmoja na kifo chake. MAME ina nafasi ya mchezaji wa pili: anatumia R, F, D na G kuelekeza, na A kupiga. Ila kibodi za bei rahisi haziwezi kusikia vitufe vingi kwa pamoja. Niliona vijana wawili wakigombana kwa nguvu, mmoja akidai mwenzake anamzuia kupiga risasi, na kwa namna fulani alisema kweli, kwa kuwa kidole cha mwenzake kilikuwa kinaimeza amri yake. Pedi za USB zinaondoa ugomvi huo, lakini zikivunjika zinasubiri mzigo wa Dar es Salaam.

Halafu kuna msimu. Huku kila biashara inapumua kwa pumzi ya korosho. Minada ya korosho chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani huanza kwenye Oktoba. Chama kikuu cha ushirika TANECU kinauza za wakulima wa Tandahimba na Newala, chenzake MAMCU za Masasi na Mtwara, na malipo yanapoingia kwa wanachama wa vyama vya msingi (AMCOS), hata mia mbili za watoto zinaongezeka. Miezi ya Machi na Aprili kiti cha kompyuta ya tatu hukaa kitupu na mwenye duka huigeuza ya kuchapia. Hesabu yangu ya siku 300 hapo juu isomwe kwa jicho hilo. Ni hesabu ya mwaka uliosawazishwa, na mwaka wa korosho haujawahi kuwa sawa.

Korosho ina upande mwingine usiopendeza. Mtoto anayeokota korosho shambani na kuzipeleka kwa mnunuzi wa kangomba, anayenunua nje ya mfumo rasmi, ili apate hela ya gemu anamwibia baba yake, na mwenye kiti anayepokea hela hizo bila kuuliza yumo katika mnyororo huo. Namna rahisi ya kujikinga ni kutompokea mtoto saa za masomo na kutofungua daftari la madeni kwa asiyefika utu uzima.

Wazazi wengi, kwa bahati mbaya, hawatofautishi mashine hii na zile za kamari za bonanza. Tofauti ni kubwa na ipo kisheria. Michezo ya kubahatisha iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa sheria ya mwaka 2003, nayo imepigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 18. Gemu ya ndege hairudishi hela na haina dau. Lakini ikikaa ukuta mmoja na bonanza, usitegemee mama aliyemkosa mwanawe tangu mchana akupe nafasi ya kueleza tofauti hiyo.

Umeme nao ni mtihani. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilitegemea umeme uliozalishwa Mtwara mjini kwa gesi ya Mnazi Bay, na ukikatika, kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzima na dakika alizolipia mteja zikiwa ndani. Hapo lazima umrudishie. Kompyuta mpakato iliyochoka, yenye betri ya kufika saa moja, kwa kazi hii naiona bora kuliko ya mezani yenye nguvu.

Limebaki lile ambalo steshenari nyingi hazipendi kulisikia. MAME yenyewe ni halali na huru. Tangu mwaka 2016 inatolewa kwa leseni ya programu huria. Gemu zinazoingizwa ndani yake ni habari nyingine. Space Invaders ina mwenyewe, Galaga ina mwenyewe, Contra ina mwenyewe, na kampuni hizo zinaendelea kuziuza hadi leo katika matoleo mapya. Kuzinakili kutoka flashi ya jirani na kutoza mia mbili ni biashara ya mali ya mtu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haijazifanya gemu hizi za umma kwa kuwa tu zimezeeka. Kwamba hakuna aliyewahi kuja kuuliza si leseni.

Wala hakuna ulazima wa kukaa kwenye kivuli hicho. Tyrian, gemu ya ndege ya mwaka 1995 iliyo nzuri kuliko nyingi nilizozitaja, ilitolewa bure na wenyewe mwaka 2004, na OpenTyrian inaiendesha kwenye kompyuta za sasa. Chromium B.S.U. nayo ni programu huria na inatosha kwenye flashi ndogo kuliko zote dukani. Hazina jina kama Contra, na mteja wa miaka 40 atanuna siku ya kwanza. Watoto hawajali jina, wanajali kama ndege inapiga.

Anayetaka kuongeza kiti cha namna hii Masasi au Newala asubiri Septemba, anunue kompyuta mpakato ya mtumba na pedi mbili badala ya moja, aweke OpenTyrian, kisha atundike saa ukutani mahali ambapo mteja naye anaiona.