Kikomo cha Shehena: Kutoka Arizona hadi Ufipa

Mwaka 1912 jimbo la Arizona nchini Marekani lilitunga sheria iliyokataza treni ya mizigo kuvuta zaidi ya mabehewa 70. Hoja ilikuwa usalama: kila kiunganishi cha behewa kina ulegevu kidogo, na treni inapokuwa ndefu ulegevu huo hujumlishana, hata breki zikifungwa ghafla mshtuko unaofika nyuma huweza kumwangusha mfanyakazi aliye katika behewa la mwisho. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, lakini reli haikuishia mpakani mwa Arizona, na sheria ya jimbo moja ikawa inaamua urefu wa treni tangu Los Angeles hadi El Paso. Tena treni fupi zilipokuwa nyingi, nazo zilizidisha ajali. Mwaka 1945 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha sheria hiyo.

Uwanda wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, hauna reli. Tawi la Reli ya Kati huishia Mpanda, upande wa kaskazini, na TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, hupita Tunduma, kwa hiyo mahindi ya Sumbawanga, Nkasi na Kalambo huondoka kwa malori, na kikomo kinachowahusu Wafipa hupimwa kwa tani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, imeweka tani 56 kuwa ukomo wa gari pamoja na shehena yake, na tani 10 kwa ekseli moja (mhimili unaobeba magurudumu) yenye matairi manne. Huu ndio ubora wake: kikomo ni kimoja kwa nchi wanachama, na lori halipunguziwi mzigo kwa sababu tu limevuka mpaka.

Ukali wa sheria hiyo una sababu. Madhara ya ekseli kwa lami hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wake, maana yake ekseli ya tani 12 huichakaza barabara mara mbili hivi kuliko ya tani 10, na barabara ya Sumbawanga hadi Tunduma haina reli ya kuisaidia. Anayeponzwa mara nyingi ni mfanyabiashara anayehesabu magunia badala ya kilo, kwa kuwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, humpunja mkulima shambani kisha hulizidishia lori uzito mizanini. Mizani ghalani, kabla lori halijapakiwa, ingewafaa wote wawili.